KUPINDUKA KWA JUA NA SAA YA UKUTANI

Somo la mwendo wa jua katika mwaka, na nyakati za sala na saumu katika pwani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba jua na mwezi akavipa mwendo wa hesabu. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Sala ya faradhi haisihi ila ndani ya wakati wake. Mwenyezi Mungu amebainisha katika Suratun Nisaa, aya ya 103, kuwa sala ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu. Na katika Suratul Israa, aya ya 78, ameamrisha isimamishwe tangu jua kupinduka mpaka giza la usiku. Basi wakati wa sala umefungwa kwa jua, haukufungwa kwa mshale wa saa.

Siku hizi kila msikiti una saa ya ukutani, na kila kijana ana saa mkononi au simu mfukoni. Hiyo ni neema, na kuitumia si makosa. Makosa ni kudhani kuwa saa na jua ni kitu kimoja, kisha mtu akaushika mshale na kuliacha jua. Na watu wa pwani ndio wepesi zaidi wa kuingia katika dhana hiyo, kwa kuwa wamezoea kusema: nchi hizi jua halibadiliki, mchana na usiku ni sawa kwa sawa, jua latoka saa kumi na mbili na lachwa saa kumi na mbili. Neno hilo lina ukweli kidogo ndani yake, lakini makosa yake ni makubwa, na makosa hayo yaweza kuiharibu sala na saumu ya mtu naye hana habari.

Na utolewe mfano mmoja ili jambo lidhihiri. Lau msikiti wa Mombasa umejiwekea kuadhini adhuhuri saa 6 u nusu, mwaka mzima, bila kubadilisha. Mwanzo wa Novemba hapana ubaya, kwani jua limekwisha kupinduka tangu saa 6 na dakika 5. Lakini katikati ya Febuari jua halipinduki Mombasa ila saa 6 na dakika 36. Adhana ile yatangulia wakati kwa dakika 6. Nayo adhana ya adhuhuri haijuzu kabla ya wakati wake. Huenda jamaa wa msikitini wakasalimika, kwa kuwa hukaa kungojea ikama. Lakini mwanamke nyumbani, na mgonjwa kitandani, na fundi kazini, ambao huinuka wakasali mara wasikiapo adhana, hao wamesali kabla ya wakati. Na siku ya Ijumaa jambo huzidi uzito, kwani kwa madhehebu ya Imam Shafii khutba haisihi ila baada ya jua kupinduka. Na hali hiyo si ya siku moja wala mbili: Mombasa jua hupinduka baada ya saa 6 u nusu tangu kiasi cha 14 Januari mpaka kiasi cha 16 Machi, yaani miezi miwili.

FASILI YA KWANZA
Alama za nyakati tano

Imepokewa kwa Ibn Abbas, katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi, kuwa Jibrili alimsalisha Mtume (rehema na amani zimshukie) penye Al-Kaaba siku mbili. Siku ya kwanza alimsalisha kila sala mwanzo wa wakati wake, na siku ya pili mwisho wake, ila magharibi, aliyomsalisha kwa wakati mmoja siku zote mbili. Kisha akambainishia kuwa wakati ni ulio baina ya hizo mbili. Na alama zilizotajwa katika mafunzo hayo zote ni za mbinguni.

Adhuhuri huingia jua lipindukapo kutoka katikati ya mbingu kuelekea magharibi. Alasiri, kwa madhehebu ya Imam Shafii yafuatwayo na watu wengi wa pwani, huingia kivuli cha kitu kinapotimia urefu wa kitu chenyewe, mbali ya kile kivuli kilichokuwapo wakati wa kupinduka. Magharibi huingia jua lichwapo lote, lisibaki hata ukingo wake. Isha huingia wekundu wa mbingu ya magharibi unapoondoka. Na alfajiri huingia kwa alfajiri ya kweli, nayo ni nuru itandayo kwa upana ukingoni mwa mashariki, si ile ya uwongo isimamayo juu kama mkia kisha ikapotea.

Katika alama hizo hapana hata moja iliyotajwa saa wala dakika. Saa ni tarishi tu anayeleta habari ya jua. Akileta habari ya kweli hufuatwa. Akileta habari ya jana na kuifanya ya leo, hafuatwi.

FASILI YA PILI
Sababu ya mchana kurefuka na kufupika

Ardhi hujizungusha yenyewe, na kwa hilo huwa usiku na mchana. Tena hulizunguka jua mara moja kwa mwaka. Lakini katika safari hiyo haikusimama wima, bali imeinama kwa daraja 23 na nusu hivi. Kwa ajili ya kuinama huko, katika sehemu moja ya mwaka upande wa kaskazini ndio ulioelekea jua, na katika sehemu nyingine upande wa kusini.

Mwenye kutazama kutoka ufukweni huona jua lahama mahali pa kutokea. Kiasi cha 21 Juni hutokea upande wa kaskazini ya mashariki, na huo ndio mwisho wa kwenda kwake huko. Kiasi cha 22 Desemba hutokea upande wa kusini ya mashariki, na huo ndio mwisho wake wa pili. Na kiasi cha 21 Machi na 23 Septemba hutokea mashariki khasa. Katika Suratur Rahman, aya ya 17, Mwenyezi Mungu ametajwa kuwa ni Mola wa mashariki mbili na magharibi mbili. Na wengi katika wafasiri wamesema kuwa hizo ni tokeo la jua la wakati wa baridi na tokeo lake la wakati wa joto, na machweo yake vivyo hivyo. Na katika Suratul Maarij, aya ya 40, zimetajwa mashariki nyingi na magharibi nyingi, kwani kila siku jua lina tokeo lake.

Upande ulioelekea jua mchana wake hurefuka, na upande wa pili mchana wake hufupika. Na kadiri mji unavyokuwa mbali na Ikweta ndivyo tafauti inavyozidi. Miji ya pwani i karibu na Ikweta, nayo i kusini yake. Kwa hiyo mchana wao mrefu ni wa Desemba, na mfupi ni wa Juni, nayo tafauti ni ndogo. Hesabu yake ni hii, tangu ukingo wa jua kutokea mpaka jua lote kuchwa:

Lamu: Desemba saa 12 na dakika 15; Juni saa 11 na dakika 59. Tafauti dakika 16.
Mombasa: Desemba saa 12 na dakika 21, Juni saa 11 na dakika 53. Tafauti dakika 28.
Unguja mjini: Desemba saa 12 na dakika 29, Juni saa 11 na dakika 46. Tafauti dakika 43.
Kilwa Kisiwani: Desemba saa 12 na dakika 39, Juni saa 11 na dakika 36. Tafauti saa 1 na dakika 3.

Huo ndio ukweli kidogo ulio katika neno la watu. Mchana wa pwani haurefuki wala haufupiki sana. Lakini hata udogo huo haufanani baina ya mji na mji, na anayekwenda kusini na pwani, toka Lamu mpaka Kilwa, aona tafauti yazidi mara nne.

Na ajabu moja ni hii. Makka na Mombasa zi karibu kabisa juu ya mstari mmoja utokao kusini kwenda kaskazini. Kwa hiyo jua hupinduka Makka na Mombasa kwa wakati mmoja, tafauti yao haifiki dakika moja. Na saa za nchi hizo mbili zasema sawa. Pamoja na hayo kuchwa kwao si kumoja. Kiasi cha 21 Juni jua huchwa Mombasa saa 12 na dakika 20, na Makka huchwa saa 1 na dakika 6 za usiku. Kiasi cha 22 Desemba mambo hugeuka: Makka jua huchwa saa 11 na dakika 44, na Mombasa saa 12 u nusu. Basi mtu wa Mombasa aliyefunga katika Desemba, akafuturu kwa kusikia adhana ya Makka katika redio, amefuturu na jua lingali juu kwa dakika 46.

FASILI YA TATU
Sababu ya adhuhuri kusogea katika saa

Hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui. Katika pwani kinachosogeza nyakati zaidi si urefu wa mchana, bali ni kule katikati ya mchana kwenyewe kuhama.

Sababu ya kwanza haibadiliki. Saa ya Afrika ya Mashariki imewekwa kwa mstari wa daraja 45 za mashariki ya Greenwich, nao wapita baharini, mashariki ya miji yote ya pwani hii. Kila daraja moja ni dakika 4 za jua. Mombasa i nyuma ya mstari huo kwa daraja 5 na theluthi, kwa hiyo wastani wa kupinduka kwa jua Mombasa ni saa 6 na dakika 21. Lamu ni saa 6 na dakika 16, na Unguja ni saa 6 na dakika 23.

Sababu ya pili hubadilika kila siku. Saa ya ukutani huhesabu siku zote kuwa sawa, kila siku saa 24 kamili. Ama siku ya jua, yaani tangu kupinduka kwa leo mpaka kupinduka kwa kesho, si sawa daima. Mwisho wa Desemba huzidi saa 24 kwa nusu dakika hivi. Na katikati ya Septemba hupungua kwa theluthi ya dakika hivi. Hayo yatokana na mambo mawili. La kwanza, njia ya ardhi kulizunguka jua si duara kamili: mwanzo wa Januari ardhi huwa karibu zaidi na jua na mwendo wake huwa wa haraka, na mwanzo wa Julai huwa mbali zaidi na mwendo wake huwa wa polepole. La pili ni kule kuinama kwa ardhi kulikokwisha tajwa.

Nusu dakika ni kitu kidogo, wala mtu haihisi. Lakini mvua ya manyunyu nayo hujaza kisima. Tangu 3 Novemba mpaka 11 Febuari ni siku 100, na katika siku hizo vipande hivyo hukusanyika vikawa dakika 30 na zaidi. Tazama hesabu ya Mombasa, nayo yaweza kutafautiana kwa dakika moja baina ya mwaka na mwaka:

11 Febuari: kutoka 12.28, kupinduka 6.36, kuchwa 12.43.
21 Machi: kutoka 12.25; kupinduka 6.29, kuchwa 12.32.
14 Mei: kutoka 12.20, kupinduka 6.18, kuchwa 12.16.
21 Juni: kutoka 12.27, kupinduka 6.23; kuchwa 12.20.
26 Julai: kutoka 12.30, kupinduka 6.28, kuchwa 12.26.
23 Septemba: kutoka 12.10; kupinduka 6.14, kuchwa 12.17.
3 Novemba: kutoka 11.57, kupinduka 6.05, kuchwa 12.13.
22 Desemba: kutoka 12.09, kupinduka 6.20, kuchwa 12.30.

Mwenye kuisoma hesabu hii na alinganishe siku mbili, 3 Novemba na 11 Febuari. Urefu wa mchana wake ni karibu sawa: moja ni saa 12 na dakika 16, na ya pili ni saa 12 na dakika 15. Lakini kutoka kwa jua, na kupinduka kwake, na kuchwa kwake, vyote vitatu vimesogea pamoja kwa nusu saa. Kisha na atazame 22 Desemba na 11 Febuari. Mchana wa Desemba ndio mrefu kuliko yote, na baada yake mchana waanza kufupika. Na juu ya hayo kuchwa kwa jua kwazidi kuchelewa, toka saa 12 na dakika 30 mpaka saa 12 na dakika 43. Anayedhani kuwa siku ya mchana mrefu ndiyo siku ya jua kuchelewa kuchwa, hapa amekosa.

Elimu hii si ngeni katika Uislamu. Wanazuoni wa falaki waliihesabu tafauti ya jua na wastani wake katika majedwali yao karne nyingi kabla ya saa za ukutani kuenea. Katika misikiti mikubwa ya Misri na Shamu alikuwako mtu aitwaye muwakkit, ambaye kazi yake ilikuwa kuhifadhi nyakati za sala. Mashuhuri katika hao ni Ibn al-Shatir, muwakkit wa Msikiti wa Bani Umayya katika Damaski, aliyefariki mwaka 1375. Naye mwaka 1371 aliutengenezea mnara wa msikiti huo saa kubwa ya kivuli cha jua.

FASILI YA NNE
Saumu baina ya alfajiri na magharibi

Mwezi wa Ramadhani huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, na mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 au 11. Kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote kwa kiasi cha miaka 33: mara huwa Kaskazi, mara huwa Kusi, mara huwa katika masika. Wazee wa pwani walilijua hilo, na ndiyo sababu manahodha na wakulima walikuwa na mwaka wa pili, mwaka wa Nairuzi, wa siku 365, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwani safari na kilimo hufuata jua, na ibada ya saumu hufuata mwezi. Lakini ndani ya kila siku ya Ramadhani saumu yenyewe hurudi kwa jua: huanza kwa alfajiri na huisha kwa magharibi.

Sasa na tuseme mtu ameizoea saa. Kwa hesabu, Ramadhani ya mwaka 1448 yaangukia Febuari ya mwaka 2027, na Ramadhani ya mwaka 1457 yaangukia Novemba ya mwaka 2035, na kuandama kwa mwezi ndiko kutakakoamua siku yenyewe. Katika ile ya kwanza jua litachwa Mombasa kiasi cha saa 12 na dakika 43. Katika ile ya pili, mwanzo wake, kiasi cha saa 12 na dakika 13. Baina yake ni miaka minane na kitu, na nusu saa nzima.

Aliyeishika saa ya Febuari mpaka Novemba atachelewesha futari nusu saa, naye atakuwa ameiacha sunna. Kwani imepokewa kwa Sahl bin Saad, katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (rehema na amani zimshukie) amesema ya kuwa watu hawataacha kuwa katika kheri maadamu wanafanya haraka kufuturu. Na khatari iliyo kubwa zaidi i katika daku. Alfajiri hufuatana na kutoka kwa jua, na Novemba jua hutoka mapema kuliko Febuari kwa dakika 31. Basi anayekula daku Novemba mpaka saa ile aliyoizoea Febuari, amekula baada ya alfajiri kuingia. Ama aliyeishika saa ya Novemba akaipeleka Febuari, huyo hufuturu na jua lingali mbinguni. Wote wawili wameshinda na njaa, wala saumu zao hazikutimia.

FASILI YA TANO
Kijiti na kivuli

Kwa kuwa alama ni ya mbinguni, kila Muislamu aweza kuihakikisha bila ya gharama. Na achukue kijiti kilichonyoka, urefu wake mita moja, akisimamishe katika ardhi iliyo sawa, wala kisiiname; timazi ya mwashi yatosha kukihakikisha. Kisha na apige duara kukizunguka kijiti, na kijiti kiwe katikati ya duara. Asubuhi kivuli ni kirefu, ncha yake i nje ya duara. Jua lipandapo kivuli hufupika, mpaka ncha ikaingia katika duara. Pale iingiapo na apatie alama. Baada ya jua kupinduka kivuli hurefuka mpaka ncha ikatoka katika duara upande wa pili. Napo na apatie alama. Kisha na aunganishe alama hizo mbili kwa mstari, apate kati yake, na toka katikati hapo apige mstari mpaka penye kijiti. Mstari huo ndio wa kaskazini na kusini. Kesho yake, kivuli kitakapoufika mstari huo jua liko katikati, na kitakapouvuka kwenda upande wa mashariki, jua limepinduka na adhuhuri imeingia.

Na faida ya pili ni kuwa mstari huo, kwa miji ya pwani, u karibu kabisa na mstari wa kibla, kwani Makka i kaskazini ya miji hii.

Mwenye kuendelea na kijiti hicho mwaka mzima ataona mambo haya. Mombasa, kiasi cha 21 Juni, kivuli cha wakati wa kupinduka ni sentimita 52, nacho chaelekea kusini. Kiasi cha 22 Desemba ni sentimita 35, nacho chaelekea kaskazini, upande wa kibla. Na kiasi cha 10 Machi na 3 Oktoba jua hupita utosini, na kijiti hakina kivuli. Kwa Lamu siku hizo ni kiasi cha 15 Machi na 29 Septemba. Kwa Unguja ni kiasi cha 5 Machi na 9 Oktoba.

Hayo pia ndiyo ufunguo wa alasiri. Siku ya jua kupita utosini, alasiri huingia kivuli kinapotimia mita moja, kwa kuwa hapana kivuli cha kutoa. Lakini mwezi wa Juni haiingii mpaka kivuli kitimie sentimita 152, yaani mita moja ya kijiti na sentimita 52 zilizokuwapo wakati wa kupinduka. Asiyelijua hilo akasali alasiri ya Juni kwa kivuli cha mita moja, ametanguliza.

Wala si lazima kulitazama jua lenyewe, kwani kulikazia macho kwadhuru. Kivuli chatosha.

MASUALA

Suala: Mtu amesali adhuhuri kwa kuitakidi kuwa wakati umeingia, kisha ikambainikia kuwa alitangulia. Ni nini hukumu yake?
Jawabu: Kwa madhehebu ya Imam Shafii sala ile haimtoshi kuwa faradhi. Akiwa yumo ndani ya wakati na airudie, na ukiwa umepita na ailipe. Hana dhambi kama alijitahidi kutafuta wakati.

Suala: Na aliyefuturu kwa kudhani jua limekwisha kuchwa, kisha akaliona?
Jawabu: Na ajizuie mpaka lichwe, kisha ailipe siku hiyo baada ya Ramadhani.

Suala: Je, mtu wa Unguja aweza kufuata ratiba ya Lamu, kwa kuwa zote ni pwani moja?
Jawabu: Hawezi. Mwezi wa Juni jua huchwa Lamu na Unguja katika dakika moja, kiasi cha saa 12 na dakika 18, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Lakini kiasi cha 22 Desemba huchwa Lamu saa 12 na dakika 22, na Unguja saa 12 na dakika 36. Tafauti ni dakika 14. Kila mji na ufuate hesabu yake. Na mwenye kutumia ratiba iliyo katika simu na ahakikishe kuwa imeandikiwa mji alio ndani yake.

Suala: Siku za mawingu mazito za masika, jua halionekani. Afanyeje?
Jawabu: Na aitegemee saa iliyo sahihi pamoja na ratiba iliyo sahihi ya mji wake na ya siku yake, kisha angoje dakika chache kwa kujihadhari. Hapo ndipo saa inapofaa zaidi.

KHATIMA

Lililo wajibu kwa wasimamizi wa misikiti ni jepesi. Adhuhuri wakati wake ni mpana, nao waweza kuwekewa saa moja ya mwaka mzima ikiwa saa hiyo yapita kupinduka kwa siku iliyochelewa kuliko zote. Mombasa siku hiyo ni ya Febuari, saa 6 na dakika 36, na Unguja ni saa 6 na dakika 38. Basi msikiti wa Mombasa au wa Unguja ukiadhini saa 6 na dakika 40 haitatokea siku hata moja katika mwaka adhana yake ikatangulia jua, na khutba ya Ijumaa itakuwa salama pia.

Ama magharibi haina saa moja. Ikiwekwa ya Novemba, watu watafuturu mchana katika Febuari. Ikiwekwa ya Febuari, watachelewa nusu saa katika Novemba. Hiyo na alfajiri hazina budi kufuatwa siku kwa siku, na ratiba yake ibandikwe penye mlango wa msikiti na ibadilishwe kila juma. Tena msikiti ulio na uwanja na usimamishe kijiti kimoja penye jua, na watoto wa chuo wafundishwe kukitazama, ili kila msikiti uwe na watu wanaojua kwa nini ratiba ya juma hili si ya juma lililopita.

Mwenyezi Mungu azitakabali sala na saumu za Waislamu, na awape kujua nyakati zake na kuzihifadhi. Amin.